Toleo Lisilobisha Hodi

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mwanamume mmoja alipiga simu hospitalini kutaka kujua iwapo mkewe amekwisha kujifungua. Mpokea-simu alimwombea heri, akamwambia asubiri kidogo, kisha akabonyeza kitufe cha juu kabisa upande wa kushoto, ambacho kwa muda wa miaka miwili kilikuwa ndiyo njia ya kwenda wodi ya wazazi. Simu iliita mara tatu. Aliyeipokea alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti.

"Niambie basi, wa kike au wa kiume?" akauliza yule mwanamume kwa bashasha.

"Ndugu yangu, huku kwetu huletwa wote. Unamtafuta nani?"

Mwanamume alilitaja jina la mkewe. Mhudumu, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, hakumwambia kwamba amepotea njia. Alikwenda kulitafuta jina hilo daftarini, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Jina halikuwamo. Lakini muda wa kulitafuta ulitosha kumfanya baba mtarajiwa aketi chini kando ya barabara, mbele za watu, na suti yake ya kazini.

Mpokea-simu huyo hospitali nzima ilimwita Sikio, kuanzia madaktari mpaka wafagizi, naye jina hilo alilikubali. Alikuwa haoni tangu utotoni. Kwa miaka kumi na tisa aliketi katika chumba kidogo karibu na lango kuu, mezani pake simu na birika la chai, akiunganisha watu na watu wao. Alimjua muuguzi kwa kikohozi na daktari kwa namna anavyokata simu. Akisikia mtu analia, hakumuuliza jina mara mbili.

Zamani palikuwapo mtambo wa vitufe vya chuma. Ulipoharibika ukatupwa, na kila idara ikapewa simu ya mkononi, na Sikio akadhani riziki yake imefika ukingoni. Ndipo mpwawe, mwana wa dada yake, kijana aliyesomea kompyuta na kuishi kwayo, akamtengenezea programu. Ilikuwa na vitufe ishirini na vinne juu ya kioo cha simu, vinne kwa upana na sita kwa urefu, kila kimoja na idara yake. Mkewe Sikio alibandika kioo cha kinga juu yake, akadondosha tone la rangi ya kucha penye kila kitufe: tone moja kwa wazazi, mawili kwa upasuaji, mstari mfupi kwa maabara, na kadhalika. Matone yalipokauka yakawa vijinundu, na Sikio akavisoma kwa ncha za vidole. Ile sauti ya simu ya kusomea wasioona aliizima mapema, kwani ilimsemea katika sikio lilelile alimokuwa akizungumza mgonjwa, na watu wawili hawawezi kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja.

Programu hiyo haikupatikana katika duka rasmi ambamo watu wote huchukua programu zao. Mpwawe aliipeleka huko mara moja, wakamrudishia na maswali manane, na alipojibu wakakaa siku kadhaa kabla ya kuuliza la tisa. Akachoka. Akaiweka kwenye seva yake mwenyewe na kuisakinisha kwa mkono wake katika simu ya mjomba, na katika simu nyingine sita za walinzi na makarani wa milango mingine. Tangu hapo programu ilijitegemea. Kila ilipopata mtandao iliiuliza seva, je, kuna jipya? Ikiambiwa lipo, ililipakua, ikajivua umbo la kale na kujivika jipya, pasipo kumuuliza mwenye simu.

Sikio hakuyajua hayo. Alichojua asubuhi ile ni kwamba amegusa tone la wazazi na kuwapata wafu. Akalijaribu tone la maabara, akajibiwa na jikoni. Akampigia mpwawe kwa simu yake nyingine, ile ndogo ya mfukoni.

"Shikamoo, Mjomba! Umeliona toleo jipya?"

"Marahaba. Mimi na kuona wapi na wapi? Umefanya nini?"

"Nimelisukuma kwenye simu zenu jana jioni. Walinzi waliomba, Mjomba. Wao hushika simu kwa mkono mmoja, kidole gumba hakifiki juu. Basi nimezishusha chini idara zinazopigiwa sana, na zisizopigiwa nimezipandisha juu. Wazazi sasa wako huku chini, ni rahisi kweli!"

"Na juu kushoto umemweka nani?"

Mpwawe alifikiri. "Chumba cha maiti. Hawapigiwi sana wale."

"Leo wamepigiwa," akasema Sikio.

Alimsimulia. Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejipiga kofi la paji la uso. "Matone," mpwawe akasema. "Ya Rabi, nimeyasahau matone ya mkazamjomba."

"Rudisha kama ilivyokuwa."

"Mjomba, hairudi nyuma. Simu haikubali toleo la chini likalie la juu, hukataa katakata. Labda niifute programu yote simuni na kuanza upya, na ili nifanye hivyo lazima niishike simu yenyewe, nami niko safarini hadi kesho kutwa."

"Kwa nini basi isiniulize kabla ya kubadilika? Hata mwizi siku hizi hugonga dirisha ajue kama mmelala."

"Iliuliza!" Mpwawe naye alianza kupandisha sauti. "Mwezi ule wa mwanzo iliuliza. Kisanduku kilitokea katikati ya kioo: sakinisha au ghairi? Wewe hukukiona, kikakaa hapo mpaka adhuhuri, vitufe vyote vimekufa. Ukanipigia ukaniambia maneno gani? 'Usinibishie hodi kila siku, mwanangu, wewe ni wa nyumbani, ingia tu.' Nikaipa programu ruhusa zote za simu hiyo, ikawa inaingia tu. Ingekuwa ya dukani ungeweza hata kuizuia. Hii yako haina kizuizi kwa sababu wewe ndiye uliyetaka isiwe nacho."

Sikio aliyakumbuka maneno hayo, na kwa sababu yalikuwa yake alizidi kukasirika. Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumtendea mpigaji yeyote.

Kabla ya adhuhuri mlango ulifunguliwa, zikaingia hatua za viatu vyenye kisigino kifupi. Alikuwa Msimamizi wa utawala, mwanamke aliyehamia hospitali hiyo miezi mitatu iliyopita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu, kiti hicho."

"Sitakaa. Kuna baba mmoja yuko ofisini kwangu. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike, lakini yeye mwenyewe tumelazimika kumpima shinikizo la damu." Akaufunga mlango. "Mzee wangu, nitakwambia ukweli, usije ukausikia kwa mwingine. Nimeletewa pendekezo la sauti ya mashine. Mtu akipiga huambiwa, kwa wazazi bonyeza moja, kwa maabara bonyeza mbili. Nililiweka kando kwa sababu watu wanakupenda. Leo nimelitoa tena."

"Nipime kwanza, mama."

"Nitakupima. Jumatano saa nne. Karani wangu atapiga mara ishirini kama mtu wa nje. Ukifikisha kumi na nane, pendekezo nitalichana mbele yako. Usipofikisha, nitakuandalia barua ya kupumzika."

Jioni hiyo mkewe aliketi sebuleni na chupa ya rangi ya kucha na pamba iliyolowa dawa ya kuifutia. Aliyafuta matone yote ishirini na manne, kisha akamsomea mumewe mahali papya, kitufe kwa kitufe, akidondosha.

"Safari hii nimekupaka nyekundu," akasema. "Ya kwanza ilikuwa ya waridi, haikukuletea bahati."

"Rangi haina kosa. Mpwa wangu ndiye mwenye kosa."

"Kijana anakupenda."

"Najua. Angenichukia angeniacha nilivyo."

Jumanne alifika kazini amejiandaa. Simu kumi za kwanza zilikwenda barabara, roho ikaanza kumtulia, akajimiminia chai. Ya kumi na moja alitaka wodi ya watoto, akaipata maabara. Ya kumi na mbili alitaka upasuaji, akawapata wazazi, na mkunga mkuu akamfokea, "Sikio, leo umekula nini? Mimi nina mtu mezani!" Akapapasa kioo. Matone yalikuwa palepale. Vilivyokuwa chini ya matone ndivyo vilivyohama, tena mchana kweupe, wakati akinywa chai.

"Nimeongeza mstari mmoja tu juu," mpwawe alieleza simuni. "Wa dharura. Baada ya yaliyompata yule baba nikaona pawe na kitufe kikubwa, mtu asikikose hata kwa bahati mbaya. Nimekesha kwa ajili yako, Mjomba!"

"Na vitufe vingine?"

"Vimeshuka hatua moja."

"Vyote?"

"Vyote, ndiyo... eh." Sauti ikafifia. "Matone."

"Sikiliza, Fundi." Hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alimwita mwanangu. "Mtu asiyeona, chumbani mwake, hajui kiti kwa macho. Anakijua kwa sababu jana kilikuwa pale. Wewe kila asubuhi waniingilia chumbani, wanihamishia viti, kisha waniuliza kwa nini nimejikwaa. Kesho saa nne napimwa. Nikianguka, nakwenda nyumbani. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nitarekebisha."

"Usirekebishe! Neno hilo silitaki tena."

Lakini hapo mtandao ulikatika, na mpwawe alikuwa amesikia nusu tu: kesho saa nne, nikianguka, nakwenda nyumbani. Usiku akaketi katika chumba cha wageni alichopanga huko safarini, akaifungua kompyuta yake, macho yamemwiva kwa uchovu, akaazimia kumpa mjomba wake kile alichokiomba tangu mwanzo. Alichukua mpangilio wa zamani, ule wa miaka miwili, akauvika namba ya toleo kubwa kuliko yote yaliyotangulia ili simu isiukatae, akauweka kwenye seva. Aliandika na ujumbe wa kumjulisha mjomba. Ujumbe ulikwenda kwenye simu ileile ya kazini.

Simu hiyo wakati huo haikuwa na mtandao, kwa kuwa Sikio naye alikuwa ameazimia la kwake. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Zima kila mlango. Zima intaneti, isiingie hata nzi." Mkewe akazima. Kisha akayafuta matone ya jana na kuweka mengine kwa mpangilio wa mistari saba, na Sikio akaanza kuuhifadhi kwa njia aliyofundishwa chuoni, alikohifadhi Kurani akiwa na miaka sita: mstari mmoja hurudiwa mpaka ulimi uuchoke, kisha wa pili, kisha wa kwanza na wa pili pamoja. Mkewe alimsikia akinong'ona, "Dharura. Maiti, jikoni, kufulia, stoo. Dharura. Maiti, jikoni, kufulia, stoo," mpaka akamwomba aende akanong'one barazani. Baada ya isha aliusoma wote, mbele na nyuma, bila kukosea hata kimoja. Akalala kama mtu aliyefunga mlango wake kwa kufuli na ufunguo kauweka chini ya mto.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria, si yeye wala mkewe. Idara zilizungumza kupitia mtandao wa hospitali, na simu ya kazini ilikuwa imefundishwa kujiwasha na kujiunga na mtandao huo yenyewe, mara tu ivukapo lango. Jumatano zamu yake ilianza saa nne; saa tatu na dakika hamsini Sikio alivuka lango. Saa tatu na dakika hamsini na tatu, wakati akivua koti, programu iliiuliza seva, je, kuna jipya? Ikajibiwa kwamba lipo.

Saa nne Msimamizi aliingia na daftari na saa ya mkononi. Karani wake akapiga kutoka chumba cha pili.

"Hospitali, karibu."

"Naomba famasi."

Kidole cha Sikio kikaenda penye tone la famasi bila kusitasita. "Eksirei hapa," ikajibu sauti. Kalamu ya Msimamizi ikakwaruza karatasi.

"Naomba wodi ya watoto."

"Kufulia, nani?"

Kalamu ikakwaruza tena. Hakubonyeza cha tatu. Alikaa akifikiri kwa haraka: nilipogusa hapa, zamani palikuwa na nani? Eksirei. Na hapa? Kufulia. Mara akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia uchungu kuliko kutoelewa. Kilichokuwa chini ya kidole chake ni mpangilio ule wa miaka miwili, alioulilia siku mbili na kupewa siku ya tatu.

"Mama, nipe dakika moja."

"Mpigaji hana dakika, mzee wangu."

Akaingiza ukucha chini ya kioo cha kinga, akakibandua chote kwa mkupuo, na matone yake, akakitupa sakafuni. Akaendelea juu ya kioo kitupu. Wazazi, sawa. Upasuaji, sawa. Jikoni, sawa. Alipata sita mfululizo, na Msimamizi akaacha kuiangalia saa, akawa anaviangalia vidole. Lakini kioo kitupu hakina bonde wala mlima. Penye mistari ya kati, mbali na kingo za simu, kidole kiliteleza nusu kitufe, na nusu kitufe ni idara nyingine. Alikosa kimoja, akapata vitatu, akakosa viwili mfululizo, na kila alipokosa alizidisha haraka, na haraka ikamkosesha kingine.

Walipomaliza, Msimamizi alihesabu mara mbili. "Kumi na tatu."

"Kumi na tatu," akakubali Sikio.

Msimamizi akaketi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia chumbani humo. "Nimeona jambo nisilolielewa. Ulianza vibaya, ukabandua kioo, ukawa kama mtu mwingine. Nieleze."

Akamweleza. Hakumficha mpwawe wala hakujificha mwenyewe, pamoja na lile neno la kwamba ingia tu.

"Simu hii ni ya nani?" akauliza Msimamizi.

"Yangu."

"Na anayeibadilisha?"

"Mpwa wangu."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Njiani anarudi. Nadhani anakunywa chai stendi."

"Basi mwenye simu ni yeye, mzee. Wewe waibeba tu." Aliinuka. "Siwezi kuwa na programu ambayo mtu aliye stendi anaigeuza huku mgonjwa yuko kwenye laini. Inatoka leo, kwako na kwenye milango yote. Na kumi na tatu si kumi na nane."

Sikio alilisikia daftari likifungwa. "Stoo pana simu za mezani," akasema upesi. "Za vitufe hasa, tarakimu kumi. Tano yake ina kijinundu. Hizo hakuna awezaye kuzipanga upya. Moja iko juu kushoto tangu zilipotoka kiwandani. Nitapiga namba za idara mwenyewe."

"Idara ishirini na nne. Namba za tarakimu kumi kumi. Utazisoma wapi?"

"Sitazisoma. Nitakuwa nazo."

"Jumatatu saa nne," akasema Msimamizi. "Mara ishirini, na kipimo ni kilekile. Sitarudia tena baada ya hapo, na usinione mbaya."

Alasiri ile mpwawe alifika nyumbani kwa mjomba moja kwa moja kutoka stendi, begi mgongoni, uso umekunjuka. "Mjomba! Nimekurudishia ya zamani! Imefika kabla ya saa nne? Umefaulu?"

Mkewe Sikio alimwashiria mpwa anyamaze, kidole mdomoni, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

"Imefika," akasema Sikio. "Kaa chini."

Akamsimulia yote kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ilimuumiza kijana kuliko kelele. Aliteremsha begi polepole. "Nisamehe, Mjomba. Ningejua kama umeshajifunza ule mwingine..."

"Ungejua vipi? Hukuuliza."

"Ni kweli." Papo hapo akili yake ikaanza kutembea kama ilivyozoea. "Lakini sikiliza, lipo suluhisho. Naweza kuweka sehemu ya kuganda. Ukibonyeza mara moja, toleo lolote linasubiri mlangoni mpaka—"

"Una karatasi ya namba za idara mkononi?"

"Ninayo, mkazamjomba amenipa, lakini nilikuwa nasema, naweza kuitengeneza kwa siku mbili tu..."

"Soma."

Kijana akasoma. Wazazi, tarakimu kumi. Sikio akazirudia. Akazirudia tena. Upasuaji, tarakimu kumi. Akazirudia, kisha za wazazi na za upasuaji pamoja. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kichwa hakikuwa tena kile cha chuoni. Namba ya maabara iliingia na kutoka mara nane kabla ya kukubali kukaa, na kila ilipotoka alipiga goti lake kwa ngumi. Mkewe alileta chai, ikapoa. Mpwawe alisoma kwa haraka, kwa kuwa macho yake yalizoea kukimbia juu ya maandishi, na mara mbili mjomba akamwambia apunguze mwendo, na mara ya tatu hakumwambia bali alinyamaza tu mpaka kijana akaelewa.

Walipofika idara ya saba, wodi ya watoto, namba ilikuwa na sifuri mbili zilizofuatana.

"Tarakimu hizo ni tisa," akasema Sikio.

Mpwawe akaitazama karatasi. "Samahani. Nimeruka sifuri."

"Rudia tangu mwanzo."

"Mwanzo wa namba hii, Mjomba, au mwanzo wa orodha?"

"Wa orodha."